Bati la Nyuma

Mimi si fundi wa magari. Nasema hivyo mwanzoni ili mafundi wa Buyenzi wakisoma karatasi hizi wasinicheke. Kazi yangu ni kukaa na vijana: kuwasikiliza, kuwatafutia fundi wa kuwafundisha, na baada ya wiki mbili kurudi kuuliza kama bado wapo au wametoroka. Nimemaliza sekondari, sijaenda juu zaidi. Lakini mwaka 2023 nilikaa karibu wiki mbili kwenye garaji nikishika tochi na kupokezana nyundo, na nilichokiona pale sikuwahi kukipata kwenye semina yoyote, si zile nilizohudhuria, si zile nilizoendesha mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa la Baba. Peugeot 504, nyeupe, ila weupe wake ulishageuka kama meno ya mvuta sigara. Baba alilifanyia teksi kati ya Uvira na Bujumbura, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na forodha ya Kavimvira walimjua kwa honi yake. Mwezi wa sita mwaka 2004, vita vilipofika Bukavu na watu wa kwetu wakaanza kukimbia, Baba hakubeba abiria siku ile. Alitubeba sisi. Tulikuwa tisa ndani, magodoro juu, masufuria nyuma. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya magoti ya Shangazi, na ninachokumbuka zaidi ni kofre ya nyuma iliyokataa kufunga. Baba aliifunga kwa kamba, akasema, "Twende hivyo hivyo." Tukavuka mpaka Gatumba mlango wa kofre ukipigapiga njia nzima.

Vijana wa leo wanaona Corolla tu, hawajui 504 ilikuwa nini. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 Wazungu waliipa taji la gari la mwaka la Ulaya. Lakini jina lake kubwa ililipatia huku kwetu. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally ya Kenya mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya milango miwili. Nigeria waliiunganisha kwenye kiwanda chao cha Kaduna miaka mingi. Wafaransa waliacha kutengeneza ile ya watu mwaka 1983, Afrika ikaendelea kuipanda. Ilipenda barabara mbaya. Baba alikuwa akisema gari hili halina kiburi, linapita hata mahali ambapo mbuzi anafikiri mara mbili.

Baba alifariki mwaka 2019. Gari likabaki kwenye lupango yetu Buyenzi, chini ya mwembe, kuku wakilala chini yake. Hakuna aliyeliwasha sana, maana hata wenye magari mapya hapa Buja walikuwa wanalala kwenye foleni za mafuta. Halafu 2023 mdogo wangu akafika mwaka wa mwisho wa sekondari. Pesa ya shule hakuna. Mama anauza ndagala soko la Ruvumera, na ndagala zinalisha nyumba, hazisomeshi. Akatuita jioni, akasema maneno machache: "Tuuze gari."

Mnunuzi alipatikana haraka kuliko tulivyofikiri. Ni bwana anayekodisha magari ya harusi. Alisema siku hizi maharusi wanataka gari la zamani kwa ajili ya picha. Alizunguka 504 mara mbili, akapenda kiti, akapenda usukani, akafika nyuma akasimama. Lile bati lililo chini ya mlango wa kofre, kati ya taa mbili, mpaka kwenye bampa, lilikuwa limevimba kama mandazi. Rangi ilikuwa imepasuka, maji ya kutu yanatiririka. Akasema, "Maua na utepe tunaweka nyuma. Picha zote za gari likiondoka zinapigwa nyuma. Mtengeneze hapa, ndiyo tuongee."

Kila mtu wa Buja anajua: gari likikuharibikia, unaenda Buyenzi. Sisi tulikuwa tayari Buyenzi, tulisukuma tu. Kwa msomaji aliye kambini ambaye hajafika: Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa mji huu tangu wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Barabara zake zina namba, si majina. Ukipita utasikia adhana, nyundo, Kiswahili na Kirundi kwa pamoja. Mmoja anatengeneza rejeta, jirani yake viti, mwingine taa, mwingine hajui kitu kingine isipokuwa kunyoosha mabati. Kipande chochote cha gari kilichokufa kinazaliwa tena pale.

Tulimwendea fundi mzee wa mabati ambaye Baba alikuwa akimwamini. Na mimi nikaja na Dogo. Simtaji jina lake, yeye mwenyewe aliniambia niandike Dogo. Ana miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Fizi, anaishi kambini upande wa Ruyigi. Alikuwa amepata karatasi ya kutoka kambini ya siku kumi na tano. Siku moja iliisha njiani, siku nyingine itahitajika kurudi. Nilikuwa nimemwombea kwa Fundi akae kama mwanafunzi siku zilizobaki. Kwa hiyo tulikuwa na haraka mbili: Mama na ada ya shule, Dogo na karatasi yake.

Fundi alichukua bisibisi, akaigusa ile sehemu iliyovimba. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Akavuta, kikatoka kipande cha mastiki kinene kama kiganja, kigumu kama sabuni ya kufulia. Nyuma yake wavu wa waya. Nyuma ya wavu, magazeti. Magazeti jamani, yamekunjwa na kushindiliwa kama mtu anaziba dirisha wakati wa baridi. Bati lenyewe halikuwepo. Lilishaliwa lote, tulichokuwa tunakiita bati kilikuwa karatasi na rangi.

Niliwaka. Baba alituambia siku zote kwamba nyuma aliweka bati jipya. Nikasema, "Ni mwizi gani alimfanyia Baba kazi hii?"

Fundi hakujibu mara moja. Alikaa kwenye tairi, akafuta mikono. Halafu akasema, "Ni mie, mwanangu."

Alitueleza. Ilikuwa mwaka 2011. Baba alikuja hana pesa, gari limetoboka, na abiria wanakataa kupanda teksi iliyooza. Alimwambia Fundi, "Nifichie tu, nipate kula." Fundi akamfichia. "Nilijua haitadumu," alisema. "Mastiki haishiki juu ya kutu. Maji yanaingia nyuma yake, hayatoki, yanakula polepole na weye huoni. Yeye pia alijua. Tulikubaliana tu tusiliseme."

Basi nikafanya kitu ambacho kinanipa aibu kukiandika, lakini bila hicho habari hii ni ya uongo. Nilipiga hesabu kichwani. Nikamuuliza Fundi, kufanya tena vile vile ni siku ngapi? Akasema siku mbili. Na kuweka bati la kweli? Siku kumi, na gharama mara nne. Nikasema, "Basi tufiche tena. Mnunuzi anataka picha tu. Likianza kuvimba itakuwa mwaka kesho, na sisi hatutakuwepo."

Mimi, ambaye kila Alhamisi nakaa na vijana kwenye duara tunaongea juu ya uaminifu.

Dogo alikuwa anaokota magazeti chini. Hakuniangalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mie niko na siku kumi na tatu tu. Nikijifunza kuficha, nitarudi kule na nini?"

Hakuna aliyeongeza neno. Nikatoka nje nimpigie Mama. Nilitaka aniruhusu kudanganya ili dhambi iwe yake. Nikamweleza mastiki, nikamweleza wavu, nikafika kwenye magazeti. Mama akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unafikiri yale magazeti nani aliyaleta? Nilikuwa nafungia ndagala. Baba yako aliniomba nikampa." Akanyamaza. Halafu, "Mwaka ule tulikuwa hatuna kula, mwanangu. Leo tunakula. Mwambie Fundi aweke bati. Nitakopa kwa wenzangu wa sokoni."

Fundi alipopata jibu alisema atachukua pesa ya bati, gesi na rangi. Mkono wake hatauza. Sikumuuliza sababu, na yeye hakusema.

Sasa niwaeleze kazi, maana Dogo alitaka vijana wa kambini waisome.

Kwanza si kukata. Nilifikiri mtu anachukua msumeno na kuanza. Fundi alitoa betri, akatoa tangi la mafuta na kulipeleka mbali kabisa. Alituambia tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake umebaki mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Halafu akapima. Alichukua kamba, akavuta kutoka kona ya juu kulia mpaka ya chini kushoto, akafunga fundo. Akageuza upande wa pili. Mafundo yakikutana, mwili wa gari haujapinda. Akachomelea nondo moja kutoka ubavu mpaka ubavu ili ukiondoa bati zima mbavu zisisogee. "Ukikata bila kushikilia," alisema, "gari linasahau umbo lake."

Pili ni kutafuta nukta. Kiwandani hawakushona mabati kwa mstari, waliyabana kwa nukta nyingi za moto. Unakwangua rangi mpaka unaziona, kama alama za ndui. Dogo alizitoboa moja moja kwa drili, bati la juu tu, la chini lisiguswe. Hiyo ilimchukua siku mbili. Alivunja ncha tatu za drili, kila mara akinitazama mimi kama nitamfukuza.

Tatu ni kutengeneza bati jipya. La dukani halipo. Fundi alikwenda kwenye makaburi ya magari akarudi na kipande cha paa la Corolla lililopata ajali. Paa ni pana, ni safi, na unene wake unakaribiana na ule wa bati la mwili, chini kidogo ya milimita moja. Tulikata mfano kwenye katoni kwanza, tukaujaribu kwenye gari mara tano, ndipo tukauchora kwenye bati. Mikunjo alikunja kwenye ukingo wa chuma cha reli. Pale panapojikunja taratibu alipiga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Dogo alipiga kwa nguvu, bati likawa kama sufuria. Fundi akamshika kifundo cha mkono. "Usiligombeze. Chuma ukikipiga sana mahali pamoja kinatanuka, na kikitanuka hakina pa kwenda." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu la kazi, upande wa vijana.

Siku ya saba umeme ulikatika na haukurudi mpaka kesho yake usiku. Grainda kimya, drili kimya. Dogo alihesabu siku zake kwa vidole. Fundi akatoa tupa mbili za mkono, akampa moja, akabaki na moja, na mimi nikapewa msasa. Tulisugua kingo mpaka giza. Viganja vyangu vilitoka malengelenge na hakuna aliyenihurumia. Mteja mmoja aliuliza, "Huyu dada ni mke wa nani hapa?" Fundi akajibu, "Huyu ni tajiri wa gari, mwogope."

Kuchomelea kulifanyika kwa gesi, siku ya tisa. Kabla ya moto, Fundi alirudisha mlango wa kofre na taa zote mbili, akafunga bila kuchomelea chochote. Aliufunga na kuufungua, akapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na bati, kushoto, kulia. Huo ndio mtihani, alisema. Ukichomelea kwanza na kujaribu mlango baadaye, umeshachelewa. Kisha akaweka nukta moja kushoto, moja kulia kabisa, moja katikati, akiruka ruka, na kila mara anangoja bati lipoe. Ukifuata mstari kwa pupa, joto linajikusanya na bati linajikunja kama jani kwenye jiko. Mahali mabati mawili yanapolaliana alikuwa ameshapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa sababu baada ya hapo brashi haifiki. Na chini aliacha matundu mawili madogo. Nikauliza kama amesahau kuyaziba. "Hapana. Maji yataingia tu, hata ufanyeje. Kazi yako ni kuyaachia njia ya kutoka."

Nukta nne za mwisho alimwachia Dogo. Ya kwanza ilitoboa bati. Akapauka. Fundi akaiziba, akamrudishia mpini wa gesi bila neno. Tatu zilizofuata zilishika. Ukienda kuziangalia leo utazijua, ni mbaya kidogo. Lakini zimeshika.

Mastiki tulitumia, nisiwadanganye. Ila sasa ilikuwa nyembamba kama siagi kwenye mkate wa maskini, juu ya chuma safi, kulainisha tu alama za nyundo. Rangi ikafuata.

Mnunuzi alikuja siku ya kumi na mbili. Alikuwa mjanja kuliko nilivyomfikiria: alitoa sumaku mfukoni. Aliipitisha polepole kwenye bati la nyuma na kila mahali ilishika, tak, tak. Nilihisi jasho mgongoni, nikikumbuka nilichotaka kufanya. Pale pa zamani ile sumaku ingeanguka chini kama embe. Akafurahi, akasema bei yetu ni sawa.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini wakati wa kazi tulikuwa tumeona kutu sakafuni, chini ya kiti cha nyuma, na hapo sumaku yake haikufika. Nilimtazama Fundi, Fundi akatazama juu. Dogo alikuwa anafagia. Nikainua zulia, nikamwonyesha.

Alishusha bei. Alishusha kweli kweli, kama robo nzima. Hakunisifu, hakusema ni uaminifu wa ajabu. Alitoa pesa, akahesabu, akaondoka na gari la Baba. Mama alisimama kwenye geti la lupango na mikono kichwani mpaka sauti ya mashine ilipopotea.

Pesa ile ililipa deni la sokoni na mihula miwili ya mdogo wangu. Muhula wa tatu Mama aliutafuta kwa ndagala, na kuna wiki tulikula mara moja kwa siku. Sisemi ukweli ulitulipa. Ulitugharimu muhula mzima.

Dogo aliondoka siku ya kumi na nne. Fundi alimpa nyundo yake ya mbao, ile kuukuu iliyoliwa upande mmoja, na kile kipande cha chuma cha kushikilia nyuma ya bati unapopiga. Alifika kambini na siku moja mkononi. Miezi miwili baadaye alinitumia picha kwenye simu: toroli lililotoboka chini, na toroli hilo hilo lenye bati jipya, matundu mawili madogo chini yake. Sasa anatengeneza matoroli, sufuria, na mabati ya milango. Mkasi wa bati hana, anaazima. Gesi ndiyo kabisa hana, kwa hiyo anafunga kwa ribiti.

Hapa naomba niongee na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua karatasi hizi mnazisoma, na mimi ni mwenzenu. Tunapenda kuandika kwenye ripoti kwamba kijana amefundishwa. Tunapiga picha na cheti. Cheti bila mkasi ni mastiki juu ya magazeti: kinang'aa siku ya picha, na baada ya mvua mbili mnakuta tundu. Kijana akifundishwa kuchomelea, apewe pia kitu cha kuchomelea. Na karatasi ya siku kumi na tano haitoshi kumfanya mtu fundi. Dogo alipata nukta tatu nzuri katika siku hizo. Fikirini angepata miezi sita.

Na ninyi vijana wenzangu wa kambini: Baba yangu hakuwa mwongo. Alikuwa na watoto wa kulisha, akaficha tundu, na miaka minane teksi ile ilitulisha na magazeti ndani yake. Simhukumu. Ila nimejua kwamba tundu lililofichwa linarithiwa. Aliyeliacha alikuwa amechoka, na anayekuja kulifungua anakuta limekuwa kubwa zaidi.

Mwezi uliopita, Jumamosi, niliiona ile 504 kwenye msafara wa harusi, barabara ya kuelekea ziwani. Honi ilikuwa ile ile. Nyuma waliweka utepe mweupe na maua, na watu wanapiga picha. Nilikuwa kwenye baiskeli ya teksi, nikamwomba dereva asogee karibu. Wenzangu walimtazama bibi harusi. Mimi nilitazama chini ya taa ya kulia, pale alipochomelea Dogo, kama kuna uvimbe.

Bado hakuna. Mvua za mwaka huu ndizo zitasema.